Altezza RS200 au Legacy B4 ya turbo mbili: ipi ya kuchezea wikiendi hapa Mwanza?

Mwana_Pasiansi
Wakuu, habari za Jumapili.

Naomba mawazo, hasa ya mafundi na wanaozijua hizi gari kwa undani. Natafuta sedani ya mchezo. Si ya kwenda kazini, ni ya Jumamosi na Jumapili, niifungue mwenyewe nijifunze, na ikikaa juu ya stendi wiki tatu isinikwamishe kitu. Zimebaki mbili:

1. Toyota Altezza RS200 ya 1999, manyo ya gia sita, iko Nyegezi. Muuzaji anasema taimingi beliti imebadilishwa juzi ila risiti hana. Ikiwashwa asubuhi inagonga kwa juu sekunde mbili tatu halafu inatulia.

2. Subaru Legacy B4 RSK ya 2000, manyo ya gia tano, iko Igoma. Inawaka vizuri na haitoi moshi. Ila ukiikanyaga, ikifika mzunguko wa 4,000 inalala, kisha inaamka ikikaribia 5,000. Muuzaji anasema "ndivyo zilivyo hizi".

Bei zinakaribiana. Kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza nimetenga milioni 4. Nina jeki, stendi nne, boksi la spana na spana ya toki. Lifti sina. Nawasilisha.

Spana14
Mkuu, kwanza hakikisha hiyo ni RS200 kweli. Nembo ya nyuma ni stika tu, inauzwa. Fungua boneti usome bamba: RS200 ni SXE10, AS200 ni GXE10. Usiishie kwenye kadi, soma namba iliyogongwa kwenye bodi. Halafu tazama injini. SXE10 ina 3S-GE ya silinda nne, GXE10 ina 1G-FE ya silinda sita. Hizi ni gari mbili tofauti ndani ya bodi moja: ya manyo yenye 3S-GE ilitoka kiwandani na farasi 210 kwenye mzunguko wa 7,600, wakati 1G-FE ina 160.

Sasa huko kugonga kwa asubuhi. Kwenye 3S-GE hii VVT-i (mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka) iko kwenye kemshafti zote mbili, ya hewa na ya eksozi. Gari ikilala usiku, oili inashuka kutoka kwenye puli za VVT-i. Ndani ya puli kuna pini inayoifunga mpaka presha ya oili ifike. Pini ikilika, puli inacheza na ndiyo inayogonga. Sekunde mbili tatu hazijafikia hatua ya kuikimbia gari, ila usizipuuze. Fuata mpangilio huu, unaanzia kwenye rahisi:

Pima oili kwanza, kiwango na rangi. Kisha badilisha filta, uweke yenye valvu ya kuzuia oili isirudi, maana filta feki nyingi hazina. Baada ya hapo toa valvu za oili za VVT-i uangalie vichujio vyake. Ni vidogo, vya wavu, na oili iliyochelewa kubadilishwa inaviziba kwa tope jeusi. Safisha kwa petroli, puliza, rudisha na oringi mpya. Ukiwasha asubuhi ya pili na bado inagonga, basi ni puli yenyewe.

Hapo ndipo bei inapopanda. Puli za hii injini haziingiliani na za 1G-FE wala za 2JZ, usikubali kudanganywa. Na fundi akikwambia ataifungua aichomelee, chukua gari yako uondoke.

BoksaNne
Nijibu upande wa Legacy, maana hiyo "ndivyo zilivyo" ni nusu ya ukweli.

Legacy B4 RSK, bodi ya BE5, ina turbo mbili zinazofanya kazi kwa zamu. Ndogo inafanya kazi chini, na mzunguko ukipanda kompyuta inafungua njia ili ya pili iingie. Pale zinapopokezana, busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) inashuka kidogo halafu inapanda. Hata gari isiyo na ubovu ina kibonde hicho, ila ni kifupi. Ukikanyaga hadi mwisho unakihisi kama gari imevuta pumzi. Kulala kutoka 4,000 mpaka karibu 5,000 si pumzi hiyo tena. Turbo ya pili inachelewa kuingia au inaingia nusu.

Sababu ya kwanza kabisa ni mabomba ya vakyumu. Hiyo injini ina msitu wa vibomba vya mpira na kisanduku cheusi chenye solenoidi zinazoamua turbo ipi ipate nini. Mpira wa zaidi ya miaka 20 uliokaa juu ya turbo mbili unakuwa kama makaroni makavu, ukiukunja unakatika. Kibomba kimoja kikipasuka, turbo ya pili haipati amri.

Namna ya kufanya ukiinunua:

Piga picha kila upande kabla hujagusa. Nunua bomba za silikoni, kipenyo cha ndani milimita 4, na chache za 6, urefu wa kuzidi. Badilisha moja baada ya nyingine: chomoa ya zamani, pima urefu wake, kata mpya, chomeka, ndipo uende inayofuata. Anayechomoa zote kwa pamoja "ili kusafisha vizuri" anamaliza wiki akitafuta mchoro. Kabla ya kutupa bomba la zamani, lichungulie ndani. Ukikuta kidonge chenye tundu dogo, kihamishie kwenye jipya. Hicho si uchafu, ndicho kinachopima busti.

Kisha chukua pampu ya mkono yenye geji, uchomeke kwenye kila kifungulio cha turbo kimoja kimoja. Sindano itulie. Ikishuka taratibu, mpira wa ndani umetoboka, na hakuna bomba jipya litakaloponya hilo.

Kirumba_Oya
Chukueni Mark II GX110 mpumzike. Spea zipo mpaka dukani kwa Mangi.

Spana14
@Kirumba_Oya umetania lakini kuna hoja ndani yake. 1G-FE iko kwenye GX100 na GX110, kwa hiyo AS200 ya manyo inakula spea za Mark II upande wa injini. Mtu ambaye shida yake ni kujifunza kufungua na si kukimbia, AS200 ni chaguo la busara kuliko zote mbili hapo juu. Ila mleta uzi ametaja RS200, tumjibu alichouliza.

Injinia_Igogo
Kuna kitu kimoja wengi wanakisahau: tunaishi juu. Ziwa liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na mji wote uko hapo au juu zaidi. Kanieneo ya hewa hapa ni kama kilopaskali 88, wakati Dar ni 101. Yaani hewa imepungua karibu 13%.

Altezza haina turbo. Inavuta hewa iliyopo, basi. Zile farasi 210 hapa Mwanza zinabaki kama 183, kabla hujahesabu uchakavu. Legacy ya manyo ilitoka na 280, na turbo zinafidia sehemu kubwa ya upungufu kwa kuzunguka zaidi. Kwa hiyo pengo la nguvu kati ya hizi mbili ni kubwa zaidi hapa kuliko lilivyo Dar. Anayepanda mlima wa Bugando na zote mbili ataliona kwenye gia ya tatu.

Upande wa pili wa shilingi ni petroli. Zote mbili zilitengenezwa kwa ile petroli ya juu ya Japani, ambayo kiwango chao kinataka oktani isipungue 96. Hapa unajaza ya kituoni. Altezza ya manyo ina kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) ya 11.5 kwa 1, ambayo ni kubwa, ila hewa yetu nyepesi inaipunguzia presha ndani ya silinda, kwa hiyo inavumilia. Sensa ya noki (petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda) inarudisha cheche nyuma kidogo, unapoteza nguvu kidogo, maisha yanaendelea. Legacy haina nafuu hiyo, kwa sababu turbo inairudisha hewa ndani kwa nguvu na joto lake. Ikinoki chini ya busti, kinachovunjika ni ukuta mwembamba wa pistoni katikati ya ringi. Kwenye EJ za turbo, yaani injini hizi za Subaru, inayotajwa sana ni silinda namba 4: ya nyuma, upande wa kushoto wa gari, kwa abiria.

Kwa hiyo Legacy usiipandishe busti hata kidogo kwa petroli hii. Yale mambo ya kuweka kibomba cha kuvujisha ili turbo isukume zaidi ni kununua injini nyingine kwa mafungu.

Mwana_Pasiansi
Asanteni sana wakuu, hili la mwinuko sikuwahi kulifikiria. Swali: taimingi beliti nikitaka kuifunga mwenyewe bila lifti, ipi rahisi? Hiyo ya Altezza bila risiti nachukulia haijabadilishwa.

MzeeWaTaimingi
Umechukulia sahihi, kijana. Beliti isiyo na risiti ni beliti ya zamani. Na kwa injini zote hizo mbili, ikikatika valvu zinakutana na pistoni. 3S-GE ya manyo ina valvu za titani, hizo hupati mtaani. Wala zisije zikasagwa kwa pesti kama tulivyozoea kusaga za chuma. Ngozi yake ya juu ikitoka valvu imekwisha.

Altezza: injini imelala kwa urefu, beliti iko mbele, inatazamana na rejeta. Toa kulanti, toa feni na kava lake, toa rejeta kabisa upate nafasi ya mikono. Ni Jumamosi moja kwa mtu anayejifunza. Ukiwa ndani badilisha kila kitu kwa pamoja: beliti, tenshena ya haidroliki, puli za kupitishia, pampu ya maji, sili ya krenki ya mbele na sili za kemshafti. Tazama kwa makini puli za VVT-i kama zinavujisha oili, maana oili hiyo inadondokea kwenye beliti na kuivimbisha, na hapo hata beliti ya wiki moja haina maana. Usikubali beliti ya 3S-FE ya Carina au Ipsum. Muuza spea atakwambia "3S ni 3S". Hapana.

Legacy: nafasi ni nzuri sana ukitoa feni, mimi ningesema ni nzuri kuliko Altezza. Tatizo ni alama. Una puli nne za kemshafti na moja ya krenki, na kila moja ina mishale NA mistari. Mishale inakuvuta, achana nayo. Unafuata mistari. Kwenye krenki, alama ni kijistari kidogo kilicho kwenye ukingo wa nyuma wa puli, nyuma ya meno, kinachotazamana na alama ya kwenye pampu ya oili. Anayefuata mshale wa mbele anafunga beliti ikiwa imepotoka, anazungusha krenki kwa nguvu, anasikia "tk", na valvu imepinda.

Jambo la pili, kemshafti za upande wa kushoto zinakaa zikiwa zimebanwa na springi za valvu. Ukitoa beliti zinaweza kuruka zenyewe. Weka vidole mbali, na usizizungushe ovyo, kwa sababu ya juu na ya chini zinaweza kugonganisha valvu zao kwa zao.

Tenshena yake unaibana kwenye vaisi TARATIBU, ikiwa imesimama, mpaka tundu zikutane, unachomeka pini nyembamba. Ukiibana kwa haraka unapasua sili ya ndani. Baada ya kufunga, toa pini, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, angalia alama upya. Ukihisi kigumu, simama hapohapo.

BoksaNne
Mzee amemaliza. Niongeze la kutoa hewa kwenye kulanti ya Subaru, maana gari nyingi "zinazochemsha" baada ya kazi ya beliti hazina ugonjwa, zina hewa. Pandisha pua ya gari kwenye stendi, jaza kupitia lile tangi dogo lililo juu ya injini na kwenye rejeta, washa na hita ikiwa kwenye joto la mwisho, ongeza kadiri mapovu yanavyotoka. Funga kifuniko kipya. Kifuniko kilicholegea kinashusha presha na maji yanachemka mapema.

Dada_Spea
Wote mnaongea ufundi, nami niongee upatikanaji.

Legacy: pampu ya maji, beliti, puli, beringi za matairi, bushi nyingi na baadhi ya sensa zinaingiliana na Forester na Impreza, na hizo zipo. Usichokipata kirahisi ni kile cha turbo mbili peke yake: solenoidi za kile kisanduku, turbo ya pili, valvu za kupokezana, bomba za interkula. Hivyo mara nyingi vinatoka kwenye gari iliyokatwa, Dar au Nairobi kupitia Sirari. Ukiagiza toa namba ya chasisi. Jina la gari pekee halitoshi, kwa sababu BE5 ipo pia isiyo na turbo na utaletewa vya hiyo.

Altezza: boljointi, bushi, brekipedi, shokapu, beringi, hivyo havikusumbui. Vya 3S-GE yenyewe ndivyo vinavyokaa siku njiani. Koili na plagi agiza za injini hiyo hiyo, wala usinunue koili moja moja za mtumba zinazofanana kwa sura.

Rimu nazo ziangalie. Altezza ni tundu 5 kwenye duara la milimita 114.3, kwa hiyo rimu za Toyota nyingi zinaingia. Legacy ni 5 kwa 100, uchaguzi unapungua sana. Zote zilitoka na 215/45 inchi 17, na tairi hizo kwa matuta na mashimo yetu zinapasuka ubavu. Barabara ya kwako ikiwa ya mawe kama za Bwiru juu, weka rimu 16 na tairi nene, hakikisha tu inapita kwenye kalipa za breki.

Mdau_wa_Difu
Kuhusu tairi za Legacy: zote nne ziwe aina moja, saizi moja na uchakavu unaokaribiana. Subaru yenyewe inataka tofauti ya mzingo isizidi kama milimita 6. Ukiweka mpya mbili mbele na kuukuu mbili nyuma, kapilingi ya viskasi katikati ya gia boksi, inayounganisha tairi za mbele na za nyuma, inafanya kazi muda wote, inapata joto, inakufa.

Kuipima ni bure. Endesha mpaka gari ipate moto, tafuta uwanja wa lami au zege, kunja usukani mpaka mwisho, weka gia ya kwanza, achia klachi bila kukanyaga mafuta. Gari izunguke laini. Ikijivuta kama umeshika breki, au tairi zikiruka ruka, kapilingi imeganda. Hapo gia boksi inafunguliwa, punguza bei sana au ondoka.

Klachi nayo: Altezza unashusha gia boksi kwa chini ukiwa na stendi ndefu na mtu wa pili, bolti mbili za juu zinataka ekstensheni ndefu sana. Legacy gia boksi imebeba na difu ya mbele, ni nzito. Bila lifti watu wengi wanaona bora watoe injini kwa kreni kuliko kulala chini ya huo mzigo. Nakubaliana nao.

Gia boksi ya Altezza ijaribu ikiwa ya moto: ya kwanza kwenda ya pili kwa haraka kwenye mzunguko wa juu. Ikisaga, sinkro imekwisha. Ugumu wa asubuhi peke yake si kitu, zote ni ngumu zikiwa baridi. Stiki ikiyumba kama kijiko kwenye uji, ni bushi ya chini ya stiki, bei ndogo.

Spana14
Nimalizie vya chini vya Altezza, kwa ufupi. Boljointi za chini za mbele ndizo adui. Pandisha gari, weka nondo chini ya tairi, nyanyua: ikicheza, badilisha kabla ya kuendesha kwa kasi, maana ikichomoka tairi linalala. Kalipa za mbele pini zake zinaganda, pedi moja inaisha na nyingine mpya. Mafuta yakijaa kwenye mashimo ya plagi, sili za kava ya valvu. Throto ikijaa masizi, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka.

Na tafadhali, msiweke filta ya hewa ya wazi, ile ya koni. Vumbi la barabara zetu za pembeni linapita. Kwenye Altezza linakwangua silinda, kwenye Legacy linalamba mapanga ya turbo. Boksi la kiwandani lenye filta safi halina mpinzani hapa.

Injinia_Igogo
Na wale wadudu wa ziwani wanaoruka kama moshi. Interkula ya Legacy iko juu ya injini, inapumua kupitia tundu la boneti. Wadudu na vumbi vinatengeneza mkeka. Itoe, ioshe kutoka chini kwenda juu kwa maji ya presha ndogo. Presha ya kuoshea gari inalaza mapezi.

Turbo_Moja
Mimi ningechukua Legacy na kuondoa turbo mbili zote, niweke moja. Kibonde kinakwisha siku hiyohiyo.

BoksaNne
@Turbo_Moja siku hiyohiyo si kweli, mkuu, na unamwingiza mwenzio chaka. Kugeuza kuwa turbo moja kunataka eksozi ya mbele nyingine, bomba la kupanda kwenye turbo, turbo yenyewe, krosimemba ya injini ya gari ya turbo moja, mabomba ya hewa, na kompyuta iliyopangwa upya. Hicho cha mwisho ndicho kinachoua watu. Kompyuta ya turbo mbili ikiachwa vilevile inaendelea kuamuru turbo ambayo haipo. Kwa milioni 4 ya mwaka mzima, ukijumlisha beliti, tairi nne na oili, hafiki. Mabomba ya silikoni na solenoidi moja vinaweza kuitoa ile hali kwa sehemu ndogo ya hela hiyo.

Turbo_Moja
Hoja ya kompyuta nakubali. Lakini mwenye subira ya miaka miwili, bado nasema turbo moja.

Spana14
Mwenye subira ya miaka miwili akumbuke pia: akiishia kubadilisha injini nzima, namba ya injini kwenye kadi ibadilishwe TRA. Mnunuzi wa baadaye au trafiki atakayefungua boneti ataanzia hapo.

Injinia_Igogo
Mwana_Pasiansi, kabla ya kuendelea kubishana hapa, kapime kompresheni zote mbili. Utaratibu:

Injini iwe ya moto, betri imejaa. Chomoa relei ya pampu ya petroli, chomoa koili, toa plagi ZOTE. Kwenye Legacy utatoa betri na boksi la hewa ili ufike, kwa hiyo andaa nyaya za kurukia. Fungia geji, mtu akanyage mafuta hadi mwisho, piga starta mpaka sindano iache kupanda, kama mizunguko sita. Andika kila silinda.

Sasa usije ukasoma namba za kitabu ukaogopa. EJ20 ya turbo kwenye kitabu ni kama psi 142 hadi 171, tofauti kati ya silinda isizidi 7. Hizo ni namba za usawa wa bahari. Kwa hewa yetu zidisha kwa 0.87: unategemea 124 hadi 149. Gari nzima kabisa inaweza kukataliwa Mwanza kwa sababu fundi amesoma kitabu bila kutazama yuko wapi. Kwa Altezza namba zitakuwa juu zaidi kwa sababu ya ile 11.5. Wewe angalia tofauti, isizidi psi 14.

Silinda ikiwa chini, kwenye Altezza mwagia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Kwenye Legacy kipimo cha oili kinadanganya, kwa sababu silinda imelala na oili inakaa upande mmoja. Huko tumia hewa ya kompresa na geji mbili, sikiliza inatokea wapi. Kwenye throto, valvu ya hewa. Kwenye eksozi, valvu ya eksozi. Kwenye kifuniko cha oili, ringi au pistoni. Mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi.

Mwana_Pasiansi
Wakuu, vipimo hivi hapa. Wauzaji wote wamekubali, geji moja, siku moja, zote zilikuwa za moto.

Altezza: 172, 170, 173, 169. Bamba linasoma SXE10. Gia ya pili haisagi. Boljointi ya kushoto inacheza.

Legacy: namba 1 ni 138, namba 2 ni 136, namba 3 ni 137, namba 4 ni 118. Kwenye uwanja imezunguka laini.

BoksaNne
Namba 4. Tofauti ni 20 wakati mwisho ni 7. Umepima mara mbili hiyo?

Mwana_Pasiansi
Mara tatu. 118, 117, 118. Hewa ya kompresa inapumua kwenye kifuniko cha oili.

BoksaNne
Basi pistoni au ringi zake, na hiyo ni kutoa injini na kupasua bloku katikati. Mimi ni mtu wa Subaru ila kwa milioni 4 hiyo iache, labda akuuzie kwa bei ya bodi na gia boksi. Kile kibonde kumbe kilikuwa shida ndogo.

MzeeWaTaimingi
Altezza imesimama sawasawa, tofauti ya 4 tu. Mwambie muuzaji apunguze kwenye bei gharama ya beliti kamili na boljointi zote mbili, usikubali moja. Halafu usiiendeshe kutoka Nyegezi mpaka nyumbani kwa beliti hiyo. Fungua kava la juu kwanza, bolti chache tu, tazama mgongo na meno yake. Ukiona nyufa au imelowa oili, iite gari ya kuvuta.

Mwana_Pasiansi
Wabeja sana, mzee. Kava nitafungua kabla ya kulipa. Nikikuta maandishi ya namba kwenye beliti nitayapiga picha niyaweke hapa.

Dada_Spea
Weka hiyo picha na ya puli za VVT-i kwa pamoja, tuone kama zinavuja kabla hujaagiza sili.